Paashe, Jina la Ndama

Mbeke alifika Kitengela mwaka wa 1990, wakati ambapo Kitengela yenyewe ilikuwa barabara moja, vibanda vya nyama choma kando yake, na upepo. Ukiwaambia hivyo watoto wanaozaliwa siku hizi kwenye maghorofa watakuona mwongo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mumewe, Mutunga, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha Magadi, na joto la Magadi si la kumpelekea mwanamke mjamzito. Akamwambia, "Wewe kaa hapa penye baridi, mimi nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi." Akampangia chumba cha mabati, akamwachia jiko, godoro na mimba ya miezi saba.

Hiyo mimba ndiyo iliyokuwa habari yote ya Mbeke. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika huko kwao Mwala, na wanawake wa Mwala walishaanza kumsalimia kwa sauti ya matangani. Ya tatu ikakaa. Akazaa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha ploti nzima. Kwa Wakamba msichana wa kwanza ni wa nyanyake mzaa baba, kwa hivyo alikuwa Ndulu hata kabla hajafungua macho, hakuna mjadala. Lile jina la kanisani Mbeke aliliweka kando kwanza. Aliogopa kulichagua mapema.

Shida ilikuwa maziwa. Kifua cha Mbeke kilitoa matone, mtoto analia, majirani wanampikia uji wa mtama na kumpa pole. Hapo ndipo Rebecca alipoingia. Rebecca alikuwa mke wa Meitamei, boma lao lilikuwa upande wa pili wa mto, na kila asubuhi alipita kwenye nyumba za mabati akiuza maziwa kwenye kibuyu. Alisikia kilio, akainama mlangoni, akamtazama mtoto, kisha mama yake.

"Huyu ana njaa," akasema.

"Najua ana njaa!" Mbeke akafoka, halafu akaanza kulia kwa aibu.

Rebecca alimimina maziwa kwenye sufuria, akaongeza maji, akachemsha, akakaa mpaka mtoto akashiba akalala. Kesho yake akaja tena. Mbeke akatoa sarafu, Rebecca akazirudisha kwenye kiganja chake akavifunga vidole juu yake. Ikawa hivyo mpaka mtoto akapata mashavu. Kisha asubuhi moja Rebecca akaja bila kibuyu, anavuta ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji.

"Huyu ni wako," akasema. "Atakua pamoja na mtoto."

Sasa, wewe ungefanya nini? Mbeke alifanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri Ukambani. Alinunua sukari, majani ya chai na kanga nzuri, akavuka mto, akampelekea. Rebecca alivipokea akiwa ametulia, kama mtu anayengoja jambo lingine. Mbeke akashukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kikamba, akaondoka akiwa na furaha zake. Jumamosi walipokutana sokoni, akapaza sauti, "Rebecca! Rebecca, habari ya leo!"

Rebecca akapita kana kwamba hajaitwa mtu.

Mbeke akaona labda ni kelele za soko. Akamwita tena wiki iliyofuata, tena kwa nguvu, watu wakageuka. Rebecca akatazama mbuzi. Na kule kwenye mabati hakupita tena. Loo, Mbeke aliumia! Alikaa akijichambua kama mchele: nilikosa nini? Nilileta sukari kidogo? Mwisho akaamua kwamba mwanamke wa watu amejutia ndama wake na anaona haya kumdai. Basi akamfunga mtoto mgongoni, akamfungua ndama, akamvuta mpaka kwa Meitamei.

Meitamei alikuwa nje ya boma, anachonga rungu. Alipoona kamba mkononi mwa Mbeke, akasimama wima.

"Unamrudisha?"

"Mwenyewe amekasirika. Ninamwita jina haitiki."

"Unamwita nani?"

"Si Rebecca!"

Mzee akaweka rungu chini, akashika kichwa. "Mama, sikiza. Kwetu sisi mtu akikupa mnyama, jina lake la zamani limekwisha kwako, na lako limekwisha kwake. Mnaitana kwa kile kitu kilichotoka mkono huu kikaingia mkono ule. Ikiwa ni kondoo, yeye ni Paker, na wewe ni Paker. Ikiwa ni ndama kama huyu, nyinyi ni Paashe. Wewe umesimama sokoni unaita Rebecca, Rebecca. Yeye amesikia nini? Amesikia umekataa."

Mbeke alihisi masikio yake yakiwaka moto. Nyumba ya Rebecca ilikuwa hatua chache tu, na ndani kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Akageuka kuelekea ule mlango mdogo, mtoto anamvuta kitambaa cha kichwa.

"Paashe!" akaita.

Kukapita muda wa mtu kumeza mate.

"Paashe," sauti ikajibu kutoka ndani. Kisha Rebecca akatoka anacheka, na machozi yanamtoka, akampokea mtoto mgongoni.

Mtoto alibatizwa mwezi uleule. Mchungaji alipouliza jina, Mbeke alitafuta kwenye Kiingereza chake kidogo akatoa neno moja alilokuwa na uhakika nalo: Gift. Gift Ndulu Mutunga. Kuanzia siku hiyo Kitengela nzima ikamwita Mama Gift, isipokuwa mtu mmoja aliyemwita Paashe.

Yule ndama alikua akawa ng'ombe, na ng'ombe akawa maisha. Mbeke aliuza maziwa kwa hoteli za stendi, kwa walimu, kwa mafundi waliokuwa wakijenga zile nyumba zilizoota kila mahali mpaka tambarare ikaisha. Kila ndama aliyezaliwa alimpeleka kwa Meitamei akatiwa alama ya sikio ya boma lao. Majirani wakamcheka: "Mama Gift, ng'ombe ni wako, alama ni ya watu?" Akawaambia wamuulize ng'ombe. Mutunga naye, akija kutoka Magadi amebadilika rangi kwa jua, hakuingilia. "Mambo ya ng'ombe muulizeni mwenyewe," alisema. "Mimi niulizeni magadi."

Gift akasomeshwa na maziwa hayo mpaka Kidato cha Nne. Alipomaliza, akapata habari ya wasichana wanaokwenda Ujerumani kukaa na familia, wanawalea watoto huku wanajifunza lugha. Kichwa kikamwaka. Akaanza kwenda Nairobi kusoma Kijerumani kwa mwalimu aliyeitwa Margaret, na jioni nyumba ikajaa maneno yanayokwaruza koo. Ikapatikana familia, watoto wawili, mji wenye mto. Mbeke akamtenga mtamba mmoja, kitukuu wa yule mwekundu, mwenye doa lilelile kwenye paji, akasema, "Huyu ndiye tiketi yako." Na kila alipomkatia majani alimwita hivyohivyo, Tiketi, mpaka mnyama akazoea.

Halafu siku moja mwaka wa 2009 Gift alirudi kutoka darasani amenuna. Mbeke alikuwa anakatakata majani ya kulishia.

"Mathe, unajua ulinipa jina la sumu?"

"Sumu gani tena?"

"Kwa Kijerumani, *Gift* ni sumu. Dawa ya panya. Leo mwalimu ametuonyesha picha ya mkebe, umechorwa fuvu la kichwa na chini yake jina langu. Darasa lote likaniangalia."

"Shindwe!" Mbeke akatupa panga chini. "Shindwe kabisa! Nani amesema?"

"Kamusi imesema, mum." Gift akakaa kwenye debe, na ingawa alikuwa amenuna, utamu wa jambo lenyewe ukamshinda, kwa sababu alikuwa mtoto wa kupenda kujua. "Na si wao peke yao. Kwa Waswidi, mtu akisema yeye ni *gift*, anasema ameoa ama ameolewa."

"Heri hao."

"Ngoja. Na kwa haohao Waswidi, sumu pia ni *gift*."

Mbeke akasimama na majani mkononi. "Ndoa na sumu ni neno moja?"

"Moja."

"Hao wameishi na waume kweli," Mbeke akasema, na Gift akaangua kicheko ingawa hakutaka.

Akamweleza yote kama alivyofundishwa. Kwamba kwa Waholanzi zawadi bado ni *gift*, ila sumu wao huikata herufi ya mwisho. Kwamba Waingereza wenyewe, zamani za kale, neno hilo walilitumia kwa mahari. Na kwamba haya yote yana nyanya mmoja: kutoa, kumpa mtu kitu. Waswidi waliangalia binti anavyotolewa kwao akapewa mume. Wajerumani waliangalia dawa: Wagiriki walikuwa na neno lao la kutoa, likawa jina la kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, nao Wajerumani wakaiga kwa neno lao wenyewe, na baadaye watu walipoogopa kutaja sumu waziwazi wakasema tu "kilichotolewa", mpaka ile maana nzuri ikafa. "Hata hii dozi tunasema hapa, mwalimu anasema imetoka kwa hilo neno la Wagiriki. Ukienda zahanati ukiambiwa maliza dozi, ni kupewa huko."

"Kwa hivyo wote walianza na kupewa," Mbeke akasema polepole.

"Wote. Lakini mimi sitaenda kuelezea watu historia mlangoni. Fikiria mama wa watoto anaita jina langu kwa duka: Sumu, njoo! Nimeamua, mum. Paspoti bado sijaomba. Jumatatu ya wiki ya pili naenda kwa wakili Kajiado, nitoe Gift. Nibaki Ndulu Mutunga."

Mbeke aliokota panga akaendelea kukata, na Gift, ambaye alitegemea kelele, akaona amepata ruhusa. Haikuwa ruhusa. Mbeke alikuwa amerudi kusimama sokoni miaka ile, anaita jina ambalo si jina, na mtu anapita bila kugeuka. Alijua linavyouma jina likiachwa. Lakini angemwambiaje mtoto abebe sumu mpaka Ulaya kwa ajili ya ndama? Moyo ukamuuma kama jino.

Na kulikuwa na la pili, ambalo hakumwambia mtu. Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi kibaya. Mbeke aliokoa wanyama wake wawili, yule mtamba na ng'ombe mmoja aliyekauka maziwa, kwa majani ya kununua na maganda ya sokoni, lakini Meitamei alikuwa ameswaga kundi zima kwenda kutafuta malisho mbali, akarudi na fimbo tu. Mvua ilikuja mwishoni mwa mwaka, ikanyesha kana kwamba inaomba msamaha. Nyasi zikafika magotini, na boma la Rebecca halikuwa na hata mdomo mmoja wa kuzila. Kila mtu Kajiado alijua desturi: Paashe wako akiishiwa, wewe ndiwe wa kwanza kusimama mlangoni kwake. Na Mbeke alikuwa na mtamba mmoja tu wa kutoa, na huyo mtamba jina lake ni Tiketi.

Hakwenda. Wiki zikapita hakwenda, yeye ambaye hakuwahi kupitisha Jumapili mbili bila kuvuka mto. Aliona haya. Rebecca naye hakutuma mtu, kwa sababu Paashe haombwi.

Ni Gift aliyesema, "Mum, siwezi kusafiri bila kubarikiwa na Paashe wako." Wakaenda wote wawili. Njiani Mbeke akapita dukani akanunua sukari, unga, na pakiti mbili za maziwa, halafu akatembea kilomita zote hizo akitamani zile pakiti zitoboke.

Rebecca alikuwa amekonda, lakini aliwapokea kwa mzaha. "Paashe! Nilifikiri umekwenda Ujerumani wewe, ukamwacha mtoto." Meitamei alikuwa amekaa anaangalia nyasi. Walikunywa chai. Wakati wa baraka ulipofika Rebecca akasimama, akanyoosha mkono kuchukua kibuyu pale kilipotundikwa, kwa mazoea tu. Mkono ukakishika, ukahisi kilivyo chepesi, ukabaki hapohapo. Kwao msafiri hubarikiwa kwa maziwa.

Mbeke akang'ata kona ya pakiti, akamimina maziwa ya dukani kwenye kile kibuyu cha Rebecca, macho yake chini. Rebecca akapiga funda, akamnyunyizia Gift kifuani na kichwani, akamwomba Mungu kwa Kimaasai, Enkai hivi na Enkai vile, kwa sauti iliyonyooka kabisa. Mbeke alitamani ardhi immeze.

Wakarudi nyumbani. Gift alikuwa na matone meupe kwenye sweta na hakuyafuta.

Kesho yake asubuhi alikuja Elmi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Wajir aliyekaa Kitengela miaka mingi, na pikapu yake. Walikuwa wamepatana na Mbeke tangu mwezi uliopita. Elmi akamzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akasema, "Mashallah, Mama Gift, huyu umemlisha mkate?" Akashika kamba.

"Hauzwi," Gift akasema kutoka mlangoni.

"Nani amesema hauzwi?" Mbeke akashtuka. "Gift, nyamaza. Elmi, mchukue."

"Mum, hauzwi."

"Na Ujerumani utaenda kwa mguu? Watu wa ile safari wanataka pesa kabla ya Krismasi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Wewe mwenyewe umesema!"

"Najua nimesema." Sauti ya Gift ikakatika. "Mum, umejua tangu lini kwamba Paashe hana ng'ombe?"

Mbeke akafuta mikono kwenye leso, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. "Tangu mvua," akasema.

"Na ukanyamaza kwa sababu yangu."

"Wewe ni mtoto wangu! Nilikuwa nifanye nini?"

"Mimi nilikunywa ile maziwa," Gift akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi kama mtoto mdogo. "Si ndiyo uliniambia kila siku? Nilikunywa yao bure. Halafu jana ananibariki na pakiti!"

Elmi alikuwa mtu wa biashara, lakini pia alikuwa mtoto wa wafugaji, na mwaka ule hata kwao walikuwa wamezika wanyama. Aliachia kamba taratibu. Akamtazama Mbeke, akamtazama msichana, akaguna. "Basi mpandisheni," akasema. "Mto umejaa tangu usiku, hamtavuka na mnyama kwa mguu. Nitazunguka na daraja." Mbeke alipojaribu kuuliza nauli akaambiwa asimtukane.

Walipofika Meitamei ndiye aliyeona kwanza. Alisimama kama alivyosimama siku ile ya rungu, ila sasa alikuwa mzee na ilimchukua muda. Mtamba alishushwa, akatingisha kichwa, akazamisha mdomo kwenye nyasi bila hata kungoja wenyeji. Gift ndiye aliyeshika kamba. Rebecca akatoka ndani anajifuta mikono. Akaona doa kwenye paji. Akalishika sikio, akapitisha kidole kwenye alama ya boma lake mwenyewe, akarudia tena.

"Paashe," akasema.

"Paashe," Mbeke akaitika, kama alivyoitika miaka yote.

Lakini Rebecca hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama msichana mwenye kamba.

"Paashe," akarudia.

Gift akamgeukia mama yake. Mbeke alitaka kumsukuma, kumnong'oneza, kumkanyaga mguu, chochote. Alijua kimya hicho kinavyokwenda kikichelewa. Akajizuia. Lilikuwa jambo la mwenyewe. Gift akanyoosha mkono, akaiweka kamba kwenye kiganja cha Rebecca.

"Paashe," akajibu.

Rebecca akamkumbatia akamtikisa, huku Meitamei akipiga makofi peke yake pale nje na Elmi akijifanya anakagua tairi.

Wakati wa kurudi Elmi aliwashusha njia panda ya Isinya, akaendelea na shughuli zake. Wakasimama kando ya barabara wakingoja matatu. Sasa Gift alilia vizuri, akalilia ndege, akalilia ule mji wenye mto na watoto wawili ambao wangepata msichana mwingine, na Mbeke hakumwambia nyamaza. Alimshikia mkoba tu. Alisikitika naye, na chini ya masikitiko hayo kulikuwa na furaha aliyoionea haya.

Gift alipomaliza akapenga kamasi, akatengeneza nywele.

Mbeke alizunguka swali hilo kwa muda, akiogopa jibu. "Na Jumatatu?" akauliza mwishowe. "Tunaondoka saa ngapi kwenda kwa wakili?"

Gift akamtazama kana kwamba mama yake amechanganyikiwa.

"Wakili wa nini?" akasema.